Amri ya Kufunga Biashara Wakati wa Maradhi: Mwananchi Ana Haki Gani Mahakamani?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Lushoto)



Nimeombwa nizungumzie swali moja: serikali ikiamuru biashara zifungwe kwa sababu ya maradhi, je, mwananchi anaweza kwenda mahakamani? Na akienda, anapata nini?

Labda mtu atasema jambo hili halituhusu. Ni kweli kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa hapa nchini tarehe 16 Machi 2020, shule zilifungwa kesho yake na mikusanyiko mingi ikazuiwa, lakini masoko na maduka hayakufungwa kwa nchi nzima. Malori ya kabichi, karoti na viazi yaliendelea kuteremka hadi Mombo. Walioumia zaidi hapa kwetu ni watembeza wageni na wenye nyumba za kulala wageni, kwa kuwa wageni hawakuja. Hata hivyo tukumbuke kipindupindu. Kikiingia katika wilaya, amri ya kwanza mara nyingi humwangukia mama lishe na muuza matunda. Kwa hiyo swali ni letu pia, na ni vema tujifunze kutoka kwa majirani waliolipeleka mbele ya majaji.

Tuanze na Malawi. Katikati ya Aprili 2020 serikali ya Rais Peter Mutharika ilitangaza kwamba watu wakae ndani kwa siku 21, kuanzia usiku wa tarehe 18. Wachuuzi wa Mzuzu, Lilongwe na Blantyre waliandamana. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: anayekula leo alichouza leo, ukimfungia siku 21 bila chakula umemwondoa kwenye ugonjwa na kumpeleka kwenye njaa. Mtandao wa watetezi wa haki za binadamu, HRDC, pamoja na baadhi ya watu wa kanisa walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 17 Aprili, siku moja kabla amri haijaanza, Jaji Kenyatta Nyirenda aliisimamisha. Kabla mwezi haujaisha serikali ilitangaza mpango wa kuwapa fedha watu wa mijini wenye kipato kidogo. Mwezi Septemba 2020 mahakama ilitoa hukumu kwamba kanuni zile zilikuwa kinyume cha katiba.

Hata hivyo tusisimulie nusu ya habari. Mahakama ilizuia amri, haikuzuia virusi. Januari 2021 wimbi la pili liliipiga Malawi kwa nguvu, na mawaziri wawili walifariki kwa korona katika siku moja. Sisemi kwamba hukumu ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba anayeshinda kesi bado ana wajibu wa kunawa mikono, kuvaa barakoa na kuwalinda wazee wake.

Sasa twende Kenya. Huko kuanzia tarehe 27 Machi 2020 watu walikatazwa kutoka nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Kwa mwenye ofisi si tatizo kubwa, lakini kwa anayekaanga samaki jioni hayo ndiyo masaa ya kazi. Siku ya kwanza tu polisi walipiga watu na kurusha mabomu ya machozi kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, walipokuwa wakihangaika kurudi nyumbani. Chama cha Mawakili cha Kenya kilifungua kesi. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir aliamua mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, amri ya kutotoka nje ilikuwa halali, maana lengo lake lilikuwa kulinda afya. Pili, nguvu waliyotumia polisi haikuwa halali. Yaani amri inaweza kuwa halali na utekelezaji wake ukawa haramu.

Kenya hiyo hiyo, Novemba 2021, Waziri wa Afya aliagiza kwamba asiyechanjwa asihudumiwe katika ofisi za serikali, wala asiingie hotelini au baa zenye wateja wengi, kuanzia tarehe 21 Desemba. Wiki moja kabla ya siku hiyo Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo.

Ndugu zangu, tukiziweka kesi hizi pamoja tunaona kwamba majaji hawakuuliza kama ugonjwa upo. Waliuliza maswali mengine. Je, aliyetoa amri amepewa mamlaka hayo na sheria ipi? Je, amri inalingana na hatari yenyewe? Je, anayeumizwa na amri amefikiriwa? Na je, inatekelezwa kwa utu? Maswali haya yanaweza kuulizwa hata katika kikao cha kijiji.

Na sheria zetu je? Katiba ya Tanzania inatambua haki ya kufanya kazi katika Ibara ya 22. Ibara ya 30 inaruhusu sheria iweke mipaka kwa ajili ya afya ya jamii, na papo hapo inampa aliyevunjiwa haki njia ya kwenda Mahakama Kuu. Tunayo pia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na halmashauri zina sheria zake ndogo.

Lakini njia hiyo ina vizingiti. Kenya, kwa katiba yao ya 2010, mtu au chama chaweza kushtaki kwa niaba ya umma. Hapa kwetu, mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya kutekeleza haki na wajibu muhimu, ikatakiwa mlalamikaji aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Marekebisho hayo nayo yamepingwa mahakamani. Aidha, anayetaka kuidai serikali fidia anatakiwa kutoa kwanza notisi ya siku 90. Kabichi iliyokwisha kukatwa haingoji siku 90.

Kwa mantiki hiyo, ulinzi wa mfanyabiashara mdogo unaanza nyumbani kabla ya mahakama, tena kabla ya ugonjwa. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mwanakikundi awe na daftari la mauzo lenye tarehe na atunze risiti za ushuru. Mtu asiye na daftari atathibitishaje alichopoteza?

Pili, amri ikitolewa, kikundi kiombe nakala ya maandishi kwa heshima: imetolewa na nani, chini ya sheria gani, na mpaka lini. Tangazo la kipaza sauti halitoshi.

Tatu, kikundi kipeleke pendekezo badala ya malalamiko matupu. Kwa mfano: tupeane zamu, tuache nafasi kati ya meza na meza, tuweke maji na sabuni kwenye kila lango. Halmashauri ikikataa bila sababu, barua yenu itakuwa ushahidi.

Nne, tuwafahamu wasaidizi wa kisheria walio karibu nasi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao kwa asiye na uwezo hailipiwi.

Kwa upande wa kanisa, kazi yetu si kuchochea watu wakaidi. Afisa afya anayefunga kibanda chenye maji machafu anaokoa maisha, nasi tumuunge mkono. Lakini mjane mwenye watoto wanne akifungiwa meza yake, lazima awepo wa kuuliza watoto wale watakula nini jioni. Tukiuliza mapema, kwa karatasi mkononi, huenda tusihitaji jaji.

Daftari ni bei ya vichane viwili vya mchicha. Tuanze wiki hii.