Kiolezo na Nakala: Hotuba kwa Wahitimu, Moshi

Fundi cherehani anayeshona sare za shule kwenye baraza za Moshi mjini ana karatasi moja ya kukatia shati na daftari la vipimo. Kiolezo cha kontena hufanya kazi ya karatasi hiyo. Seva ya ujenzi huhitaji makontena ya kujengea na kujaribia programu: moja la Java, jingine la Python, jingine la toleo la kizee ambalo mteja hataki kuachana nalo. Kila moja huanzia kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kulijenga, na mafaili hayo hufanana sana. Yanayofanana hukaa kwenye kiolezo. Toleo, mfumo wa msingi na vifurushi hukaa kwenye faili la data. Hati ndogo (script) huviunganisha.

Docker, programu ya kuendeshea makontena hayo, ilitoka mwaka 2013. Taswira zake rasmi (image) za Python huzalishwa hivyo, kwa kiolezo na faili la matoleo, na juu ya kila Dockerfile kuna onyo kwamba isihaririwe moja kwa moja.

Onyo hilo taaluma hii hulidharau. Mwaka 2023, vifurushi vya mfumo endeshi wa Debian 9 vilipohamishiwa kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani, ujenzi mwingi ulikwama. Mzungumzaji wa mahafali haya alikuwa na mafaili zaidi ya thelathini, yote ya kunakili na kubandika, kila moja limeguswa na mtu wake usiku wa manane. Badiliko la mistari miwili lilikula wiki nzima, na nyumbani kukaanza kuulizwa huyo Debian ni mwanamke gani.

Ndani ya kiolezo, yasiyobadilika hutangulia na msimbo huja mwisho, kwa kuwa tabaka moja likibadilika, yote yanayofuata hujengwa upya, na mengine hupakuliwa tena. Mhitimu atakayefanya kazi Marangu kwa bando la simu atalielewa hilo mapema.

Wazazi walioshuka kutoka Rombo, Machame na Kibosho walilipa ada bila kuuliza makontena haya hubeba nini. Wao na wakufunzi wanashukuriwa.

Violezo navyo hulewesha: kiolezo chenye masharti ndani ya masharti husomeka vibaya kuliko nakala tatu. Makontena mawili hayakihitaji. Kikishakuwepo, seva hukizalisha upya kila mara na kulinganisha matokeo na faili lililohifadhiwa kwenye git; yakitofautiana, ujenzi husimama mpaka badiliko lirudishwe kwenye kiolezo.