Mtoto Wako Anajionaje?

Kliniki tumezoea mtoto kupimwa uzani na kuandikiwa katika kijitabu chake. Leo tunazungumzia jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni jinsi mtoto anavyojiona na kujithamini.

Mtoto hazaliwi akijua yeye ni nani. Hulijua hilo polepole. Katika miezi ya kwanza anajifunza jambo moja kubwa: nikilia, kuna mtu anayekuja. Unapomnyonyesha na kumsemesha ukimtazama machoni, anahisi kwamba yeye ni wa maana. Kujithamini kunaanzia hapo.

Akifika kati ya miezi 18 na 24, watoto wengi waliopimwa huko Marekani na Ulaya hujitambua kwenye kioo. Mtafiti humtia mtoto alama usoni bila yeye kujua, kisha humwonyesha kioo. Akiigusa alama hiyo usoni pake, basi amejua kwamba yule wa kwenye kioo ni yeye. Jaribio kama hilo lilifanywa Kenya pia, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2011. Kati ya watoto 82 wa miezi 18 hadi miaka 6, ni wawili tu waliofaulu. Je, wale 80 hawakujijua? Watafiti hawakusema hivyo. Wengi walisimama kimya wakijitazama, na huenda hawakujua kama wanaruhusiwa kuigusa alama ile. Kwa hivyo mama, mtoto anayenyamaza mbele ya mgeni usimwite mjinga.

Kati ya miaka 2 na 3 utasikia "Changu!" na "Mimi mwenyewe!" Wengi wetu huona huo ni ukaidi. Kumbe mtoto anajaribu nguvu zake. Mwache avae viatu mwenyewe, hata akivibadilisha miguu, kisha umsaidie.

Kuanzia miaka 3 hadi 6 mtoto hujieleza kwa vitu vinavyoonekana. Atasema, "Mimi ni mkubwa. Tuna mbuzi. Ninakimbia kushinda gari." Huo si uongo, ndivyo anavyojiona. Lakini pia huamini neno lako jinsi lilivyo. Akimwaga maziwa nawe ukasema, "Wewe ni mtoto mbaya," hafikirii maziwa. Anafikiri yeye mwenyewe ndiye mbaya. Sema badala yake, "Maziwa yamemwagika. Lete kitambaa tupanguse." Kosa limerekebishwa, na mtoto amebaki na heshima yake.

Miaka 7 hadi 11 ndiyo miaka ya kujilinganisha. Sasa anajua nani anasoma vizuri, nani hodari wa mpira, na nani ana marafiki wengi. Tuseme una watoto wawili. Dada mkubwa analeta ripoti nzuri ya shule. Mdogo wake wa miaka 8 anasoma kwa shida, lakini ukimtuma dukani analeta chenji kamili, na kuku hawalali njaa akiwapo. Ukimwambia, "Mbona huwi kama dadako?" nia yako ni kumtia bidii. Yeye anasikia kwamba hatoshi. Baada ya muda anaacha kuinua mkono darasani, na asubuhi anasema tumbo linauma. Vidole vya mkono havilingani, mama. Mtajie lile analoliweza, kisha keti naye dakika chache kila jioni kwa lile linalomshinda.

Namna ya kusifu nayo ina uzito. Mwaka wa 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo walipokutana na maswali magumu. Wale waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Kwa hivyo badala ya "Una akili sana," sema, "Nimeona ulirudia hesabu hiyo mara tatu hadi ukaipata."

Kuanzia miaka 12 mwili unabadilika. Chunusi, sauti nzito, matiti na hedhi humfanya kijana ajitazame sana. Hujipima pia kwa picha anazoziona kwenye simu, ambazo nyingi zimerembeshwa. Usimtanie kuhusu unene, wembamba au weusi wake, hasa mbele ya wageni. Unaweza kusahau utani huo jioni ileile, naye akaubeba miaka mingi.

Labda unauliza, je, nisimkanye mtoto? Mkanye. Mtoto asiyekanywa hajui mipaka, na mipaka humpa utulivu. Lakini kanya tendo, usitukane mtu. Mpe pia kazi inayolingana na umri wake, kama kukunja nguo au kuosha vikombe, na umshukuru akimaliza. Mtoto anayeona kazi yake inasaidia nyumba hujua ana nafasi humo.

Na je, matusi yakitoka shuleni? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kuchapwa au kuteswa kiakili. Nenda shuleni, zungumza na mwalimu kwa heshima, na usipoelewana naye mwone mwalimu mkuu.

Mwisho, jihadhari na dalili hizi: mtoto anajitenga, amepoteza hamu ya chakula au michezo, anajiumiza, au anasema, "Heri nisingezaliwa." Usimkemee wala usingoje. Keti naye, msikilize, kisha mpeleke kituo cha afya. Unaweza pia kupiga simu 116, nambari ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, bila malipo.

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Leo kabla mtoto wako hajalala, mwambie jambo moja jema uliloliona akilifanya. Litaje waziwazi ajue ulimwona kweli.