Hifadhi ya Jamii kwa Asiye na Mshahara: Mageuzi ya Mfumo Tanzania Bara na Zanzibar

1. Haki na wanaoipata

Hifadhi ya jamii ni utaratibu wa taifa wa kubeba kwa pamoja mizigo inayomshinda mtu mmoja: uzee, maradhi, ulemavu, uzazi, ajali kazini, kukosa ajira na kufiwa na mtafutaji wa familia. Shirika la Kazi Duniani liliweka viwango vya chini vya hifadhi hiyo katika Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952. Mwaka 2012 likatoa Pendekezo Na. 202, linalozitaka nchi ziweke kwanza kinga ya msingi kwa wakazi wote, kisha zijenge juu yake mafao makubwa zaidi. Nchini Tanzania jambo hili limo ndani ya Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 11 inaiagiza Mamlaka ya Nchi kuweka utaratibu wa kumwezesha mtu kupata ustawi wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Haki hiyo haikufungwa kwenye ajira.

Katika utekelezaji, mfumo una mikondo miwili. Wa kwanza ni wa michango: mwajiri na mwajiriwa huchangia mfuko kila mwezi, na mwanachama hulipwa mafao akistaafu, akiumia au akijifungua. Wa pili ni wa ruzuku: Serikali na washirika wake huzisaidia kaya zilizothibitika kuwa maskini sana. Katikati ya mikondo hii wamebaki Watanzania walio wengi: mkulima wa korosho, mvuvi, fundi seremala, mama lishe, dereva wa bodaboda, mfanyakazi wa nyumbani asiye na mkataba. Hawana mwajiri wa kuwachangia, na umaskini wao haujafikia kiwango cha kuwaingiza katika orodha ya ruzuku.

Wigo wa hifadhi ya jamii hautapanuka kwa kuwataka watu hawa waishi kama wenye mshahara. Utapanuka pale kinga ya msingi itakapofungamanishwa na ukaazi na umri, na michango itakapofuata msimu wa kipato cha anayechangia.

2. Mfumo ulivyojengwa

Pensheni ya kisheria ilianza kama stahili ya mtumishi wa Serikali. Sheria ya Pensheni ya mwaka 1954, iliyotungwa wakati wa ukoloni, ilimhusu mtumishi huyo, na uzee wa mkulima ukaachiwa watoto wake na ukoo. Baada ya uhuru, mwaka 1964, uliundwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi. Mfuko huo ulimrudishia mwanachama akiba yake kwa mkupuo mmoja. Haukumlipa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 1978 ukaundwa Mfuko wa Pensheni wa Mashirika ya Umma, PPF. Sheria ya mwaka 1997 iligeuza mfuko wa akiba kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, wenye pensheni ya maisha, mafao ya uzazi na msaada wa mazishi. Mwaka 1999 zikapitishwa sheria za mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSPF, na wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Watumishi wa serikali za mitaa walikuwa na mfuko wao, LAPF, na watumishi wa Serikali wasio na ajira ya pensheni walikuwa na wao, GEPF.

Kila mfuko ulizaliwa kutokana na aina fulani ya mwajiri, na jambo hilo ndilo lililoamua nani ataingia na nani atabaki nje. Orodha ya mishahara ndiyo iliyokuwa daftari la wanachama. Asiyeonekana katika orodha hiyo hakuwa na mahali pa kuandikwa, hata kama alifanya kazi tangu utotoni hadi uzeeni.

3. Mageuzi ya mwaka 2018

Sera ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2003 ilikiri kwamba mfumo uliwafikia wachache, na sheria ya mwaka 2008 ikaunda mamlaka ya kuidhibiti mifuko. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2018, pale PPF, PSPF, LAPF na GEPF zilipounganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. NSSF ilibaki na sekta binafsi na ikapewa pia jukumu la sekta isiyo rasmi.

Muungano huo ulileta faida ya kweli. Ushindani wa mifuko kugombea wanachama walewale ulikoma, na viwango vya mafao vikaanza kulinganishwa. Lakini mjadala mkali uliofuata ulihusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukadiria pensheni na kiasi cha kulipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka mkupuo wa asilimia 25. Wafanyakazi walipinga, na Desemba mwaka huohuo utekelezaji ukasitishwa. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya mageuzi.

Madai ya wastaafu yalikuwa ya haki, kwa kuwa mtu aliyechangia maisha yake yote anastahili kujua atalipwa nini. Hata hivyo, mjadala huo ulikuwa wa walio ndani. Muda mwingi wa Bunge, vyama vya wafanyakazi na vyombo vya habari ulitumika kujadili ukubwa wa fao la mwanachama, na swali la asiye mwanachama likabaki pembeni. Ndiyo kawaida ya mifumo ya michango: aliye ndani ana chama cha kumsemea, na aliye nje hana.

4. Ruzuku na mpaka wa umaskini

Mkondo wa ruzuku unasimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Awamu zake mbili za mwanzo zilijikita zaidi katika miradi ya jamii kama madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 ilijaribiwa ruzuku ya fedha kwa kaya katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na kutokana na jaribio hilo ukazaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mpango huo umezifikia kaya zaidi ya milioni 1. Awamu yake ya kwanza iligusa takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Ya pili, iliyozinduliwa mwaka 2020, ililenga kuvifikia vilivyosalia.

Namna kaya inavyoingia katika mpango huu inaonyesha nguvu na udhaifu wake kwa pamoja. Kwanza, wawezeshaji huitisha mkutano wa kijiji. Wanakijiji hukubaliana vigezo vya umaskini mahali pale: kaya isiyo na uhakika wa mlo, isiyo na mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi, yenye watoto wasiokwenda shule kwa kukosa mahitaji. Majina hutajwa hadharani na kujadiliwa. Kisha kila kaya iliyotajwa hujaziwa dodoso: paa ni la nini, kuta ni za nini, maji yanatoka wapi, kuna mifugo au redio. Majibu huingizwa katika kompyuta, na hesabu ya kitakwimu hukadiria hali ya kaya. Orodha hurudi mkutanoni ili wanakijiji waithibitishe. Wanaoingia hulipwa kwa kuzingatia idadi ya watoto, mahudhurio yao shuleni na kliniki, na wenye uwezo wa kufanya kazi hupewa ajira za muda katika miradi ya barabara, malambo na vitalu vya miche.

Uhakiki wa hadhara huzuia upendeleo wa wazi, na fedha hufika kwenye kaya zenye shida ya kweli. Tatizo liko kwenye mpaka. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Kati ya makundi hayo wamo mamilioni ambao maisha yao hayatofautiani sana. Mjane mwenye paa la bati alilojengewa na mwanawe huweza kukataliwa, na jirani yake wa nyumba ya nyasi akaingia, ingawa wote hulala bila kula msimu wa njaa. Tena umaskini haugandi mahali pamoja. Ukame mmoja, au kulazwa kwa mgonjwa mmoja, huishusha kaya ambayo mwaka jana dodoso lilisema inajiweza. Orodha inayohuishwa baada ya miaka kadhaa haiwezi kuiona kaya hiyo kwa wakati.

5. Pensheni Jamii ya Zanzibar

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Kufuatia sera yake ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2014, Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016. Kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 aliandikishwa kupitia shehia yake na kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali. Kiwango hicho baadaye kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Aliyewahi kuwa karani na aliyelima karafuu maisha yake yote wanasimama katika foleni moja.

Masharti ni mawili tu, umri na ukaazi, na sheha ni shahidi anayewajua wazee wa eneo lake. Hakuna dodoso la paa wala ukuta, na hakuna jirani anayelazimika kusimama mkutanoni kueleza ufukara wake. Mzee hulipwa kwa sababu ni mzee. Unyofu huo hupunguza gharama za kuchagua walengwa, huondoa aibu, na humpa mzee uhakika anaoweza kuupangia. Fedha hiyo huwafikia pia wasio wazee, kwa kuwa katika nyumba nyingi bibi ndiye anayelea wajukuu, na pensheni yake hununua daftari, mchele na mafuta ya taa.

Hofu ya kawaida ni gharama. Hesabu yake ni rahisi kuifuata: kwa kiwango cha shilingi 50,000, kila wazee 10,000 hugharimu shilingi milioni 500 kwa mwezi, sawa na shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Tanzania Bara ina wazee wengi zaidi na eneo kubwa zaidi, hivyo si lazima ianze pale Zanzibar ilipofika. Inaweza kuanza na umri wa juu, kisha kuushusha kadiri mapato yanavyokua. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Jambo la msingi ni kwamba sharti liwe umri, na lisirudi kuwa kipimo cha ufukara.

6. Mkulima na michango ya miezi 180

Juu ya kinga ya msingi panahitajika akiba. Wasio na mshahara wanaruhusiwa kujiunga na NSSF kwa hiari, lakini kanuni za uanachama zilitungwa kwa kipimo cha mshahara. Ili mwanachama apate pensheni ya uzee, anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Kwa mwalimu, miezi hiyo hutimia bila yeye kuikumbuka, kwa kuwa mchango hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Kwa mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, kila mchango ni uamuzi mpya, na miezi mingi ya mwaka hana fedha ya kuamulia.

Fedha yake huja kwa msimu. Korosho huvunwa, hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, hupimwa na kupelekwa ghalani. Mnada hufanyika, na malipo huingia katika akaunti ya mkulima baada ya makato. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani umetumika katika korosho tangu msimu wa 2007/08, na makato ya ushirika, usafirishaji na ghala yamezoeleka. Hapo ndipo mchango wa hifadhi ya jamii unapoweza kukaa: mkulima aridhie mara moja, kiasi kidogo kwa kila kilo kikatwe siku ya mauzo, na mchango wa msimu mmoja uhesabike kuwa wa mwaka mzima. Njia hiyo inafaa pia kwa pamba na kahawa zinazouzwa kupitia ushirika, na kwa wavuvi wanaouza katika minada ya mialoni. Dereva wa bodaboda ana mtiririko tofauti. Kipato chake ni cha kila siku, kwa hiyo mchango wake utumwe kwa simu kila siku au kila wiki.

Mabadiliko mengine matatu yanahitajika. Kwanza, mwanachama aweze kuchukua sehemu ndogo ya akiba yake wakati wa dharura bila kupoteza haki ya pensheni, kwa maana asiye na mshahara hawezi kufungia fedha yote kwa miaka 15. Pili, Serikali iongeze kitu juu ya mchango wa mwenye kipato kidogo, kama Rwanda inavyofanya katika mpango wa Ejo Heza ulioanzishwa mwaka 2018. Mwajiriwa huchangiwa na mwajiri. Asiye na mwajiri hana mwenzake katika kuchangia. Tatu, anayehama kutoka kibarua kwenda kilimo na kurudi mjini abaki na namba moja ya uanachama, na miezi yake yote ijumlishwe.

7. Afya, daftari na utaratibu wa hatua

Maradhi ndiyo hasara inayofilisi kaya haraka kuliko nyingine. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, ulitegemea hiari, na hiari huleta zaidi wanaotarajia kuugua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwingiza kila mkazi na kuweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, unaopata fedha kutoka vyanzo vya kodi. Mafanikio yake yatategemea mambo mawili: mfuko huo upewe fedha zake kikamilifu kila mwaka, na zahanati ziwe na dawa na watumishi. Kadi isiyopata dawa humvunja mwananchi moyo, naye hatairudia.

Yote haya yanahitaji kumbukumbu zinazosomana. Kitambulisho cha Taifa cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, orodha za TASAF na madaftari ya mifuko vinapaswa kuunganishwa ili mtu asijaziwe taarifa zilezile mara nne. Hata hivyo kukosa kitambulisho kusiwe sababu ya kukosa haki. Wazee wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, na umri wao unaweza kuthibitishwa na wazee wenzao na mtendaji wa kijiji, kisha kitambulisho kikafuata.

Utaratibu wa hatua ndio utakaoamua kama mageuzi yatashika. Pensheni ya wazee wote itangulie, kwa kuwa ni rahisi kusimamia na matunda yake huonekana upesi. Bima ya afya iende sambamba nayo, ikianza na kugharamiwa kwa wasio na uwezo. Michango ya msimu ifuate, ikipita katika ushirika na simu ambazo watu tayari wanazitumia. TASAF ibaki na kazi yake ya kuziinua kaya zilizo chini kabisa, ikiwa imepunguziwa mzigo wa kuwatafuta wazee ambao pensheni itakuwa imewafikia. Stahili hizi zote ziandikwe katika sheria zenye kifungu cha bajeti, ili mzee wa Newala adai pensheni yake kama haki, kama ambavyo mwalimu mstaafu anaidai yake.