Kabla Hujanunua Mkataba wa Kiwanja wa Mtu Mwingine



Yeyote apitaye Barabara ya Morogoro kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, au apandaye kuelekea Kisarawe kwa njia ya Pugu, huyaona mabango ya viwanja vinavyouzwa kwa awamu. Leo hatuyazungumzii mabango hayo. Tunaizungumzia biashara isiyokuwa na bango: mnunuzi aliyekwisha kulipa awamu chache huishiwa fedha, au huona bei imepanda, naye humtafuta mtu wa kumwuzia nafasi yake.

Biashara hiyo peke yake si kosa, iwapo mkataba wa awali haukuikataza. Lakini mnunuzi wa pili na aelewe anachokinunua. Kiwanja bado si cha huyo anayemwuzia. Anachokinunua ni ahadi ambayo kampuni ilimpa mtu mwingine, pamoja na deni ambalo mtu huyo hajalimaliza.

Tuchukue mfano. Kiwanja cha Kibaha kimeuzwa kwa shilingi 6,000,000, zilipwe kwa miezi 12, shilingi 500,000 kila mwezi. Mnunuzi wa kwanza amelipa miezi minne, yaani shilingi 2,000,000. Anakuuzia nafasi yake kwa shilingi 2,800,000, nawe unaahidi kuzilipa 4,000,000 zilizobaki. Mnaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, mnapeana mikono. Kwa miezi minane unalipa benki, na kila stakabadhi inatoka kwa jina lake. Siku ya kukabidhiwa nyaraka, kampuni inamwita yeye. Wewe imekujulia wapi? Akiwa mwungwana, mtakwenda pamoja. Akiwa amefariki, utaanza kubishana na warithi ambao hawakuwahi kukuona, na shilingi 6,800,000 zako zimekwisha toka mfukoni.

Kwa hiyo karatasi ya watu wawili haitoshi. Panahitajika mkataba wa pande tatu. Haki yaweza kuhamishwa pale mkataba unaporuhusu, lakini deni halihami mpaka mdai akubali. Kampuni na iandike kwamba imeridhia, itaje kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na ianze kutoa stakabadhi kwa jina lako. Ridhaa hiyo humlinda pia anayeuza, maana bila hiyo, ukishindwa kulipa wewe, atakayedaiwa ni yeye.

Usomeni kwanza mkataba wa awali, hasa kifungu cha kuchelewesha malipo, ambacho mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo. Mikataba mingine huipa kampuni haki ya kuvunja mapatano na kukata sehemu ya fedha. Muuzaji akiwa na malimbikizo ya miezi miwili, nawe unayanunua malimbikizo hayo. Kiasi kilicholipwa kiulizwe ofisini kwa kampuni, kisiulizwe kwa dalali. Tena dai mkataba halisi, kwa kuwa nakala moja yaweza kuuzwa kwa watu watatu kwa siku moja.

Halafu liko swali la kampuni yenyewe: je, ardhi ni yake? Kiwanja kikiwa na hati, ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Vijijini Kisarawe jambo ni jingine. Ardhi ya kijiji huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uhamishaji wake huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji iliyoketi kikao. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya Halmashauri. Ombeni muhtasari wa kikao, mwone kama shamba lililokatwa viwanja ndilo lililotajwa humo.

Na yule asiyeweza kuendelea kulipa, tunamshauri aende kwa kampuni mapema, kabla awamu haijapita. Aombe kwa barua kuongezewa muda au kuruhusiwa kumleta mnunuzi mwingine, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.