Mkono wa Jembe Ndio Mkono wa Gitaa

(Mazungumzo kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia na vijana wapigaji gitaa)



Mimi ni mkulima na pia mpigaji gitaa. Mtu anaweza kuuliza, "Kikundi cha ng'ombe wa maziwa kina shauri gani na gitaa?" Kinalo. Hapa kwetu anayepiga gitaa jioni ndiye aliyeshika jembe asubuhi. Mkono ni ule ule.

Nianze na kosa langu. Mwaka mmoja tulialikwa kupiga arusini wakati wa palizi. Mchana nalima, usiku nafanya mazoezi saa tatu bila kupumzika. Kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Nikajipa moyo, nikasema ni uchovu tu. Arusi ilipita vizuri, lakini kwa miezi mitatu sikuweza kukamua. Mke wangu alikamua peke yake, na palizi ya pili tukalipa vibarua. Pesa ya arusi iliishia hapo.

Kwa nini? Misuli mingi inayokunja vidole haiko vidoleni. Iko hapa, kati ya kiwiko na kifundo. Inavuta vidole kwa kano, kama waya wa breki ya baiskeli. Kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu hupita pamoja katika njia nyembamba kifundoni. Njia ikisongamana, mshipa hubanwa, na kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku.

Hata mkono wa kulia huchoka. Angalieni omutibo, ule mtindo wa magharibi uliovumishwa na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gumba linapiga besi, kidole cha shahada kinapiga sauti ya juu, wimbo mzima.

Haya, simameni tufanye pamoja. Kwanza pasheni mikono joto: fungua na kufunga ngumi polepole mara 10. Usivute mkono wenye baridi.

1. Nyosha mkono mbele kama askari wa trafiki anayesimamisha gari. Kwa mkono wa pili, vuta vidole kuja kwako. Hesabu polepole hadi 20.

2. Sasa angusha kiganja, vidole vitazame chini. Sukuma mgongo wa kiganja kuja kwako. Hesabu hadi 20.

3. Kutanisha viganja kifuani, viwiko nje. Teremsha mikono mpaka usikie inavutwa. Hesabu hadi 20.

4. Tanua vidole vyote, hesabu hadi 5, legeza. Mara tano.

Badilisha mkono, kisha rudia. Unatakiwa kusikia kuvutwa, sio kuumwa. Ukisikia uchungu au ganzi, acha.

Lakini msidanganyike: kunyoosha peke yake hakutoshi. Kila nusu saa, weka gitaa chini dakika tano. Usikunje kifundo sana, wala usikabe shingo ya gitaa kama unanyonga kuku. Nyuzi zikiwa juu mno, mpelekee fundi azishushe. Na wiki ya palizi, punguza mazoezi.

Uchungu ukikaa zaidi ya wiki mbili, au vikombe vikianza kukuponyoka, nenda kituo cha afya. Usingoje kama mimi. Na usikubali kukandwa kwa nguvu.

Gitaa likivunjika, tutachanga tununue lingine. Mkono hauuzwi dukani.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
- Ni kazi gani hapa kwetu zinazochosha mikono zaidi, na ni nani hasa huzifanya?
- Mwenzetu akiumia mkono, tutamsaidiaje shambani ili apumzike?