Saruji Iko Wapi?



Aliyepita Ruaha Mbuyuni kwa barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa na Mbeya anakumbuka joto, mibuyu, na vitunguu vilivyopangwa kando ya lami. Abiria hununua kupitia dirisha la basi na kuendelea na safari yake. Asichokiona ni mfereji. Pasipo mfereji hakuna kitunguu, na pasipo zamu ya haki mfereji hauna faida, kwa maana mwenye shamba la juu atayamaliza maji kabla hayajamfikia wa chini.

Tunaijua kamati moja ya mfereji. Wakulima wa juu na wa chini walikuwa wamefikia kutishana kwa majembe, hata wazee wakawapatanisha: mwenyekiti atoke juu, mweka hazina atoke chini, na kila jambo liamuliwe na wote wawili. Amani ikarudi. Lakini ulipokaribia uchaguzi wa kamati, ikagundulika kwamba fedha iliyochangwa kwa ajili ya saruji haipo, na saruji yenyewe haipo. Mwenyekiti akaeleza kwa kirefu kwamba mwenzake ndiye mtunza fedha. Mweka hazina akaeleza kwa kirefu zaidi kwamba haikutoka shilingi pasipo sahihi ya mwenyekiti. Watu wakagawanyika, kila upande ukimpigia makofi mtu wake. Ndipo mama mmoja mjane, ambaye vitunguu vyake vilikuwa vimenyauka, akasimama na kusema: "Wanangu, mimi sikuuliza nani mbaya. Nimeuliza saruji iko wapi."

Swali la mama huyo limewahi kukosekana katika mikutano mikubwa kuliko ule.

Jirani zetu wa Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliingia katika umwagaji damu. Walikufa watu zaidi ya 1,000, na malaki wakayakimbia makazi yao. Tarehe 28 Februari 2008, Rais Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano jijini Nairobi, Bwana Kofi Annan akiwa msuluhishi, na Rais wetu wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akiwapo. Ikaundwa serikali ya mseto yenye mawaziri 40, Kibaki akiwa Rais na Odinga Waziri Mkuu. Wakenya waliiita nusu mkate. Tusiidharau nusu hiyo, maana ilinyamazisha mapanga. Sisi tulioiombea Kenya miezi ile hatuna haki ya kuikejeli leo.

Lakini mkate ulioshikwa na mikono miwili, ukianguka, kila mkono husema ulikuwa umeshika vizuri. Januari 2009 serikali ile ilitangaza kwamba Wakenya milioni 10 wamo hatarini kwa njaa. Mahindi ya ghala la taifa yalikuwa yakiuzwa kwa bei nafuu kwa wenye vinu, ili unga upungue bei. Baadaye ikajulikana kwamba mengine yalipitia kwa watu wasio na kinu chochote. Jumapili ya tarehe 14 Februari 2010, Waziri Mkuu alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu waziri wa kilimo, kwa sababu ya mahindi, na waziri wa elimu, kwa sababu ya fedha za shule za msingi. Siku hiyohiyo Rais alilitangua tangazo hilo, akisema hakushauriwa, na kwamba Waziri Mkuu hana mamlaka hayo. Mawaziri wote wawili walikana kosa, wala si kazi yetu kuwahukumu. Tunalosikitikia ni kwamba mazungumzo ya nchi yalihama. Watu wakabishana ni nani awezaye kumsimamisha waziri, nayo mahindi yakabaki nyuma. Na kwa kuwa vyama vikubwa vyote vilikuwamo serikalini, bungeni hapakuwa na upinzani rasmi wa kuyarudisha mezani.

Kwetu nako, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliifungulia Zanzibar mlango wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015, Rais Ali Mohamed Shein na Makamu wake wa Kwanza, Maalim Seif Sharif Hamad, waliwaendea wananchi wakiwa washindani, baada ya miaka mitano katika serikali moja. Uchaguzi ule ulifutwa, na hayo ni mazungumzo mengine. Sisi twauliza jambo dogo: waliokula meza moja, wakifika kampeni, je, kila mmoja ataikumbuka sahani yake pia, au ya mwenziwe tu?

Katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, tajiri anamwita wakili aliyeshutumiwa kuiharibu mali yake. Angalieni kwamba hamwulizi juu ya watumishi wengine. Anataka hesabu. Wakili yule, pamoja na ujanja wake wote, hakudiriki kumtaja mwenzake.

Kibaki alifariki Aprili 2022, Odinga Oktoba 2025. Tunawaombea wote wawili. Huko walikotangulia hakuna serikali ya mseto. Kila mtu huingia na daftari lake.

Ndugu makatekista, nyakati za uchaguzi waumini huwauliza nani anafaa. Msiwatajie jina. Wafundisheni kumwuliza mgombea yeye mwenyewe alitia sahihi gani, na alipoona mwenzake anakosea alisema nini, na siku gani. Akianza kuzisimulia dhambi za mwenziwe, wamsikilize kwa adabu, kisha walirudie swali lao.

Mama yule alilirudia lake mara tatu. Asubuhi yake vitabu vya risiti vililetwa chini ya mbuyu, vikasomwa kwa sauti ukurasa kwa ukurasa hadi jua likazama. Fedha yote haikuonekana. Iliyoonekana ilitosha mifuko kumi na minne.