Milango Ilikuwa Imefungwa

Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya yubile ya miaka 25



Kamati ilituomba tusimulie historia ya kwaya kwa ufupi. Majina ya walimu wa kwaya, kanda tulizorekodi na mashindano tuliyoshiriki yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hivyo hatutayarudia. Tumechagua kusema habari ya mara mbili ambapo tuliogopa kuja kanisani, na jinsi tulivyorudi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012. Baadhi ya waimbaji wetu wa leo walikuwa bado wanabebwa mgongoni, basi tuwakumbushe. Majeshi ya Kenya yalikuwa yameingia Somalia Oktoba 2011, na muda si muda maguruneti yakaanza kurushwa hapa nyumbani. Aprili 29, 2012, lilirushwa katika kanisa moja la Ngara wakati wa ibada, na mtu mmoja akafa. Julai 1 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa Jumapili moja, na watu 17 wakapoteza maisha. Tulisikitika, tukaomba, lakini Garissa ni mbali. Kisha ikaja Septemba 30. Guruneti liliangukia watoto wa shule ya Jumapili katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Polikapo, Barabara ya Juja. Mtoto wa miaka 9 alikufa na wenzake wakajeruhiwa. Kutoka hapa hadi Barabara ya Juja ni matatu moja tu.

Jumapili iliyofuata sauti ya tatu ilikuwa na mtu mmoja. Akina mama wa sauti ya kwanza waliokuja walikuja peke yao, watoto wamewaacha nyumbani na majirani. Hatuwezi kumlaumu mama kwa hilo. Wewe kama mzazi unaweza kusema uko tayari kufa kwa ajili ya imani yako, lakini kumshika mtoto mkono na kumpeleka mahali ambapo mtoto mwenzake amekufa wiki iliyopita ni neno lingine kabisa.

Kanisa lilifanya kilichowezekana. Lango moja lilifungwa, lingine likawekwa vijana wa kukagua watu kwa kifaa cha kutambua chuma. Mikoba ilifunguliwa, hata mifuko ya majoho. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na uma wa kupatia sauti, na kila Jumapili kile kifaa kilimlilia, na kila Jumapili alieleza upya ni cha nini. Tulicheka, na tulihitaji kucheka.

Lakini kifaa cha langoni hakiwezi kukagua moyo. Jumapili moja tairi la matatu lilipasuka barabarani tukiwa katikati ya wimbo. Kwaya nzima ililala chini, mpiga kinanda akiwa wa kwanza. Hakuna aliyetoa amri. Tulipojua ni tairi, wengine walianza kucheka na wengine walilia, na mwimbaji mmoja akavua joho, akaliweka juu ya benchi na kwenda zake nyumbani. Mchungaji wa wakati huo hakutuhimiza tusimame. Aliketi sakafuni pamoja nasi, akaomba maombi mafupi, kisha akamwambia mwalimu, "Mkiwa tayari." Tulikuwa tayari baada ya muda mrefu kidogo.

Siku zile ulikuwepo ujumbe mwingine pia uliokuwa ukizunguka katika mikutano ya injili mitaani, kwamba anayeogopa hana imani, na anayekaa nyumbani amemkana Bwana. Tunaamini ujumbe ule uliwafukuza watu wengi kuliko guruneti. Mtu aliyekwisha kuogopa aliongezewa na aibu, na aibu ndiyo iliyomfanya asirudi hata hofu ilipopungua.

Sisi tulisaidiwa na Yohana 20, ambayo tulikuwa tukiisoma katika mazoezi ya Alhamisi. Wengi tunakumbuka kwamba jioni ya siku ya ufufuo wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu, na Yesu akaja akasimama katikati yao. Ambalo hatukuwa tumeliona ni aya ya 26. Siku nane baadaye, baada ya kumwona kwa macho yao na kufurahi, wako ndani tena na milango imefungwa tena! Na Bwana anakuja vilevile, anawapa amani vilevile, bila kuwauliza kwa nini mlango ungali na komeo. Tomaso, ambaye wiki iliyotangulia hakuwepo, alihudumiwa kwa habari yake mwenyewe. Tulipoliona hilo tuliacha kungoja hofu iishe ndipo tuimbe. Tuliimba nayo. Mama mmoja wa sauti ya pili aliketi karibu na mlango kwa mwaka mzima, mkoba wake mapajani, tayari kukimbia. Alirudi kila Jumapili. Kwetu sisi hiyo ni imani, na leo watoto wake wawili wamo katika kwaya hii.

Kulikuwa na hofu nyingine tusiyopenda kuitaja, ile ya kumwogopa jirani. Baada ya tukio la Juja Road vijana walirushia mawe nyumba za Wasomali, na baadhi ya vijana wale walijiita Wakristo. Novemba 18, 2012, matatu ililipuliwa Eastleigh, na vurugu zikatokea tena. Kitambaa cha sare zetu tulikuwa tukinunua Eastleigh kwa mama mmoja Msomali, mteja akipungukiwa anakopeshwa. Wiki kadhaa duka lake lilikuwa limefungwa. Wawili kati yetu walipomtembelea walimkuta ameogopa kufungua duka kama sisi tulivyoogopa kufungua lango. Alitupikia chai. Tangu siku ile tulipoombea usalama wa kanisa tuliombea na duka lake, kwa jina.

Hatukusema haya ili tuonekane wema. Tunayasema kwa sababu Wakristo wa Kenya nao walilindwa. Baada ya mashambulizi ya Garissa viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao wangesaidia kulinda makanisa. Na Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilipovamiwa, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafa Januari 2016. Sisi tulio walimu tulimlilia kama mwenzetu.

Mara ya pili ilikuwa tofauti, maana hatari ilikuwa sisi wenyewe. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona. Mei 6 Eastleigh ilizuiwa watu kutoka na kuingia, na wanakwaya wetu wanaoishi kule tukawa tunawaona kwa simu tu. Habari iliyotutisha zaidi ilitoka Marekani. Huko Mount Vernon, jimbo la Washington, waimbaji 61 walifanya mazoezi ya kawaida ya kwaya Machi 10 jioni. Watu 53 waliugua, na wawili wakafa. Hawakufanya kosa lolote, waliimba tu. Fikiria kuambiwa kwamba pumzi unayomsifia Mungu ndiyo inayoweza kumuua mama aliyesimama mbele yako.

Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa kuanzia Julai 14, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na asije aliye chini ya miaka 13 wala aliye juu ya miaka 58. Sharti hilo la mwisho liliondoa karibu sauti yetu ya nne yote, kwa sababu sauti ya nne ya kwaya hii ni wazee. Tuliimba kwa barakoa, tumesimama mbalimbali, wimbo mmoja bila msingi, kama nyumba iliyobaki mabati. Mzee mmoja alikuwa akituimbia sehemu yake kwenye simu, tunaiweka karibu na kipaza sauti. Ilichelewa nusu pigo kila mara. Machi 2021 ibada zilisimamishwa tena hapa Nairobi na kaunti nyingine nne, na Pasaka tukaifanyia sebuleni. Zilifunguliwa tena mwezi Mei.

Safari ile hatukumwambia mtu kwamba imani itamkinga asiambukizwe. Tulimpigia kila mmoja simu siku ya Ijumaa, tukamuuliza hali yake na tukamsomea wimbo wa Jumapili. Aliyesema "bado" tulimwambia sawa, tutapiga Ijumaa ijayo. Baadhi walipigiwa simu kwa mwaka mzima na zaidi kabla hawajatokea langoni. Wawili tuliwazika, na wakati huo mazishini waliruhusiwa watu wachache, kwa hivyo hatukuwaimbia kama walivyostahili. Leo jioni, kabla ya keki, tutawaimbia.

Wako ambao bado hawajarudi, wengine tangu 2012. Majoho yao tumeyafua kwa ajili ya sherehe hii na yametundikwa kabatini, yenye majina. Baadhi yenu mliomo humu ukumbini ni ndugu zao, tunawajua. Tafadhali wapelekeeni kijitabu hiki, na kipande cha keki. Waambieni mazoezi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na kwamba lile benchi la karibu na mlango bado lipo.